Iache Ianguke

Mimi pikipiki siipendi, na sijawahi kuficha. Ukinikuta kwenye cherehani yangu kisha moja ikapita nje inaunguruma, utaona mguu wangu umeganda juu ya kanyagio na sindano imesimama katikati ya pindo. Nangoja ipite. Ikishapita salama, naendelea. Wenzangu tunaoshona pamoja wananicheka, wanasema huyu mama ataondoka na presha kwa ajili ya mlio tu. Waache wacheke. Wao hawana mwana aliyerudishwa nyumbani kwa machela, wala hawana mkwe anayeamka kila siku kwenda kupanda dude lile lile lililomlaza mumewe.

Huyo mkwe ndiye ninayetaka mumjue. Mtaani wanamwita Kiduchu, na jina limemkaa sawasawa, maana akisimama kando ya friji yetu, friji inamzidi. Lakini usimwone hivyo. Kabla hajaolewa alikuwa anasambaza mikate kwa pikipiki ndogo, mvua inyeshe, jua liwake, na wenye maduka walikuwa hawataki mtu mwingine. Mwanangu alimpata huko huko barabarani. Naye alikuwa mtu wa pikipiki, dereva wa ghala la damu, wale wanaopeleka damu kwenye hospitali na zahanati ndani ya masanduku ya baridi. Wenzake walimwita Gundi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona anaanguka wala anaangusha. Walipooana nikasema haya bwana, nyumba yangu sasa imekuwa gereji.

Kilichompata Gundi hakikuwa hata ajali ya kumsimulia mtu. Ghala lilikuwa limeleta pikipiki mpya, nzito, za kupandia milima kwenye zahanati za mbali. Siku hiyo alikuwa anageuza tu uwanjani pale pale kazini, mwendo wa mtu anayetembea, wenzake wako kibarazani wanakunywa chai. Ikamyumbia. Akatoa mguu. Sasa sikiliza: kwa pikipiki ndogo, mguu ndiyo dawa. Ikiyumba unakanyaga chini, unaizuia kama unavyozuia mbuzi kwa goti, mambo yamekwisha. Ile nzito ina kilo zaidi ya mia mbili, na nyuma kuna sanduku. Yeye akajikaza, akaishikilia hivyo hivyo mpaka wenzake wakawahi kuisimamisha. Pikipiki haikugusa ardhi, hata rangi haikuchubuka. Mguu ndio uliovunjika, na ulivunjika vibaya. Walimtia vyuma. Leo anatembea kwa mkongojo, anakaa mlangoni anatengeneza redio na pasi za watu.

Ghala wakampa mkewe nafasi yake, kwa zile pikipiki ndogo, mizunguko ya hapa mjini. Nikasema afadhali. Nikaanza hata kulala.

Basi jioni moja Kiduchu akarudi, hakuvua koti. Akakaa kwenye mkeka, kofia yake ngumu mapajani, anaizungushazungusha.

"Mama," akaniambia mimi, ila macho alikuwa ameyatupa kwa mumewe. "Pikipiki ndogo zinaondolewa. Kila dereva atapimwa kwenye zile kubwa. Mkaguzi anatoka nje, si mtu wa ghala. Na bosi amesema, atakayeiangusha siku ya mtihani, aende kwao."

Nilikuwa na bakuli mkononi, nikaliweka chini kabla halijaniponyoka. Gundi akaendelea kukwaruza waya wa pasi kwa kisu, kisha akasema, "Nitakufundisha mimi."

"Umfundishe nini?" nikamrukia. "Kuvunjika?"

"Mama!"

"Usiniambie mama! Nyumba hii ina mtu mmoja tu mwenye mshahara na miguu yote miwili, na mnataka kumpandisha juu ya lile dude! Aende akashone na mimi."

"Mimi nikishona, mama, suruali inakuwa na miguu mitatu," Kiduchu akasema. Kweli nilishawahi kumjaribu, na hatukuelewana mimi, yeye na cherehani. Nikataka kucheka, nikajizuia kwa hasira. Usiku ule usingizi haukunijia.

Kuna rafiki yake Gundi, fundi wa pikipiki, mtu wa kulalamika lakini ana roho nzuri. Huyo alikuwa na pikipiki nzito, kuukuu, inavuja oili kama pua ya mtoto. Akawaazima kwa shingo upande. Siku za mapumziko tukawa tunakwenda kwenye kiwanja cha kufyatulia matofali, ambapo siku hizo hapana mtu. Nasema tunakwenda, kwa sababu mimi nilikataa kubaki nyumbani. Kubaki nyumbani unasikia kila king'ora ni chako.

Gundi alikaa juu ya rundo la matofali, mkongojo umelala mapajani, anapiga kelele kama kondakta. "Macho! Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda! Ukitazama shimo utaingia shimoni! Klachi nusu, usiiachie yote! Mwendo mdogo tumia breki ya mguu!" Na akarudia mpaka mimi mwenyewe nikashika: breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekunjwa. Mwendo ukiwa mdogo na gurudumu limegeuka, ukiibana breki ile pikipiki inalala upande mara moja, huna hata nafasi ya kusema lo.

Kiduchu alikuwa mwepesi wa kushika. Kuanza kwenye mlima aliweza. Kusimama ghafla aliweza. Ncha za vidole vya miguu yake ndizo tu zilizofika chini, lakini alijifunza kusogea upande mmoja wa kiti ili mguu mmoja ukanyage vizuri. Ubaya ulikuwa mmoja. Pikipiki ikitikisika kidogo tu, mguu wake unachomoka. Hajaamua, hajafikiri, mguu umeshatoka.

"Mguu!" Gundi anapiga kelele, sauti inapasuka. "Mguu, mke wangu, mguu!"

"Unatoka wenyewe!"

"Ikianza kulala upande, iache! Fungua mikono, ruka pembeni, iache ianguke!"

"Na bosi je?"

"Bosi ana pikipiki nyingine."

"Na kazi je?"

Gundi akainama akaanza kupapasa tofali.

Ndipo akaja na wazo lake, na sijui kama kuna mahali pengine wanafundisha hivi. Akamwambia fundi alete matairi mabovu, wakayatandaza chini kama godoro. Kiduchu apande, ajisogeze polepole, kisha akifika hapo aiangushe kwa makusudi. Aiachie, aruke. Arudie tena na tena mpaka mwili uzoee.

"Pikipiki yangu!" fundi akashika kichwa. "Jamani, mimi nimewaazima muendeshe, siyo muizike!"

Utadhani kuangusha ni kazi rahisi. Kwa watu hawa, jamani, kuangusha pikipiki ni aibu kuliko kuanguka wewe. Dereva akiiangusha, wenzake watamtania mpaka apate wajukuu. Kiduchu alikuwa akifika kwenye matairi anaganda, mikono imeng'ang'ania usukani mpaka mishipa imemtoka, kijasho kinamtiririka. Mwili wake wote unakataa. Anainamisha pikipiki kidogo, kisha anaivuta juu. Anainamisha, anaivuta. Alipofanikiwa kuiachia mara ya kwanza, ilikuwa kwa sababu mikono ilimchoka. Fundi aliangalia pembeni.

Kuinyanyua kulikuwa kwepesi zaidi, na hilo nililishangaa. Unaipa mgongo, unachuchumaa, makalio kwenye kiti, mkono mmoja usukani, mwingine chuma cha nyuma, kisha unasukuma kwa mapaja ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Mtoto wa watu kiduchu vile, ananyanyua dude linalowashinda wanaume wanaolivuta kwa mikono. Pale tu ndipo nilipompigia makofi.

Kilichonivunja nguvu kilitokea siku ya mapumziko ya mwisho kabla ya mtihani. Gundi alisema anataka mzigo nyuma, tena mzigo unaotikisika, kwa sababu sanduku la damu likijaa linavuta. Wakatazama huku na huku, kisha wote watatu wakanitazama mimi.

"Ala!" nikasema. "Mimi ndiyo mzigo?"

"Dakika moja tu, mama," Gundi akanibembeleza. "Kilo zako ni kama za sanduku lenyewe."

Ningemtukana, lakini nikafikiri kama kukaa kwangu kutamsaidia asivunjike, haya. Nikapanda. Nikakaa kama nilivyokaa kwenye pikipiki maisha yangu yote, ubavu, miguu yote miwili upande mmoja, sketi imetulia, mkoba wangu mapajani. Hakuna aliyeniambia vingine, maana wote wamezoea kuona akina mama tumekaa hivyo. Kiduchu akaondoka taratibu. Alipoanza kukunja kona, nikaona ardhi inanijia, nikafanya anachofanya kila mwenye akili timamu: nikajivuta upande wa pili kwa nguvu zangu zote.

Pikipiki ikaenda upande. Mimi nikateleza kama gunia, nikatua kwa makalio mchangani. Nilipoinua uso, Kiduchu alikuwa ametoa mguu. Ameupigilia chini, goti linatetemeka, uso umemkunjamana, na uzito wote ule uko juu ya mguu ule mmoja. Aliishikilia mpaka fundi akafika. Haikugusa chini.

"Sikuiangusha!" akasema, anatabasamu, anahema.

Nikamtazama mwanangu. Uso ulikuwa umempauka kama majivu. Alijaribu kusimama, mkongojo ukamtoka, akakaa tena. Kiduchu akaja anachechemea kidogo, na tabasamu lake likafa njiani.

Nyumbani Gundi akamwambia, "Usiende kwenye huo mtihani."

"Tutakula nini?"

"Usiende."

"Nimekuuliza, tutakula nini? Redio?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimsema mumewe hivyo. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Asubuhi ya mtihani Kiduchu alivaa koti, akafunga viatu vyake virefu, akaaga. Gundi hakuitikia. Alikuwa amejiinamia kwenye redio isiyokuwa na betri. Mimi nikachukua mtandio wangu nikamfuata mkwe wangu, maana lazima mmoja wetu awepo.

Uwanja wa ghala ni wa saruji, umezungukwa na ukuta, geti kubwa upande mmoja, kibaraza upande wa pili. Madereva wengine walikuwa wamekaa kibarazani. Wakanipa kiti, wakaniambia mama tulia, atapita tu. Atulie nani! Mkaguzi alikuwa mtu mzima mnene, ameshika ubao wa kuandikia, hacheki wala hanuni. Bosi alikuwa pembeni yake, mikono nyuma.

Wakamtolea pikipiki. Mmoja wa madereva akaninong'oneza, akifikiri ananipa heshima: "Ndiyo ile ile aliyoiokoa Gundi. Tazama, haina hata mkwaruzo." Nikaitazama. Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Nilitaka kuinuka nimshike Kiduchu mkono twende zetu, lakini alikuwa ameshapanda.

Akaondoka vizuri. Akasimama ghafla walipomwambia asimame, pikipiki ikatulia tuli. Akapanda kile kilima cha saruji karibu na ghala, akasimama katikati, akaondoka bila kurudi nyuma. Madereva wakaguna kwa kusifu. Mimi nilikuwa nimeuma pindo la mtandio. Likabaki jambo la mwisho, kuzunguka koni mbili kama unaandika namba nane, mwendo mdogo kabisa, bila kukanyaga chini. Mzunguko wa kwanza akamaliza. Macho yalikuwa mbele, kidevu juu, kama alivyofundishwa.

Kwenye mzunguko wa pili gari likapiga honi nje ya geti, na mlinzi, sijui kwa haraka gani, akalisukuma geti likalia kwa kishindo. Kiduchu akageuza macho. Mara moja tu. Na mkono wake, usukani ukiwa umekunjwa hivyo, ukabana breki ya mbele.

Niliona kila kitu. Niliona pikipiki inasimama kama imeshikwa koo, kisha inaanza kulala upande. Niliona kiatu chake kinatoka kwenye kikanyagio, mguu unanyooka kwenda chini. Nikataka kupiga kelele "mguu" kama mwanangu, sauti haikutoka. Mguu ule ulikuwa unakwenda pale pale, kwenye saruji ile ile, na watu wale wale wako kibarazani wanatazama.

Kisha mikono yake ikafunguka. Akauvuta mguu, akaruka pembeni, akayumba hatua chache, akasimama. Pikipiki ikaanguka peke yake. Mlio wake sitausahau. Kioo cha pembeni kikapasuka, taa ikaruka, kipande chake kikaja kuzunguka mbele ya kibaraza. Mtu mmoja akapiga mluzi mdogo, akaacha.

"Umeshindwa," bosi akasema. Akatikisa kichwa, akiitazama pikipiki wala si mtu. "Sikutegemea. Mume wako alikuwa haangushi. Hata siku ile, na maumivu yote yale, hakuiachia."

Jamani, mimi si mtu wa kelele ugenini. Lakini nilijikuta nimeshafika katikati ya uwanja, mtandio unaburuzika.

"Hesabu miguu yake," nikamwambia.

"Samahani, mama?"

"Nasema hesabu miguu yake! Huyu hapa, amesimama, mingapi? Mwanangu aliwaokolea pikipiki yenu. Mmeifuta vumbi, mmeitunza, imeng'aa miaka yote hii! Yeye yuko wapi? Umewahi kuja kumwona? Unajua anavyoshuka kitandani asubuhi? Leo huyu mtoto ameitupa chini pikipiki yako, na mimi namshukuru Mungu wangu ameitupa, na kile kioo kilichobaki natamani nikivunje mwenyewe!"

Kiduchu akanishika bega. "Mama, basi. Mama." Madereva walikuwa wameinamisha vichwa.

Mkwe wangu akaenda kwenye pikipiki. Akazima swichi, akaipa mgongo, akachuchumaa, akaisukuma kwa mapaja mpaka ikasimama, akaiwekea stendi. Hakumngoja mtu amsaidie. Akampelekea mkaguzi ufunguo.

Mkaguzi akaandika, kisha akamgeukia bosi. "Hilo la kumfukuza anayeangusha umelitoa wapi? Mimi sikutumwa hilo. Huyu ameshindwa mtihani wa leo, basi. Wanaoshindwa wanarudia Jumatatu." Akampungia dereva mwingine apande.

Tulirudi kwa miguu. Njiani Kiduchu akasema mara moja tu, "Mama, nimeona aibu mpaka nimetamani ardhi ipasuke." Nikamwambia nyamaza, tembea. Nilikuwa namtazama anavyotembea, mguu huu, mguu huu.

Gundi alikuwa mlangoni. Alituona tangu mwanzo wa uchochoro, akaacha kisu na waya, akatukazia macho. Tulipofika Kiduchu akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nimeiangusha," akasema. "Mbele ya watu wote. Wameandika nimeshindwa."

"Umetoa mguu?"

"Ulitaka kutoka."

"Umetoa?"

"Hapana. Nimeiachia."

Gundi akashuka kwenye kiti. Kwake kushuka chini ni shughuli, kunyoosha mguu mbovu, kushika mlango, kujisogeza. Sikumsaidia, maana sura yake ilinikataza. Akakaa sakafuni, akamkalisha mkewe kwenye kiti, akaanza kumfungua kamba za kiatu. Akakivua. Akavua na soksi. Akashika kifundo cha mguu kwa mikono miwili akakizungusha, polepole, upande huu, upande ule.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapaumi."

Akauweka chini, akavua kiatu cha pili, akafanya vile vile. Akazungusha, akabonyeza, akazungusha tena. Mguu ulikuwa unageuka anavyotaka yeye. Akakaa ameushika tu, na mabega yakaanza kumtikisika, na mwanangu, ambaye hakulia walipomtia vyuma wala walipomwambia hatapanda pikipiki tena, akalilia unyayo wa mkewe kwa sauti, pale mlangoni, majirani wakipita.

Kiduchu akamwekea mkono kichwani. "Jumatatu narudia," akamwambia.

"Najua," akasema, na hakuuachia mguu.